Sista Agnès Bilonda na Macho ya Wachimbaji wa Mutoshi

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1967 huko Mutshatsha, mtoto wa nne wa Ntambwe, fundi wa reli, na mkewe Mamie, muuza makaa. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake aliugua macho, akatiwa utomvu wa majani na jirani mwenye nia njema, na kabla ya Pasaka akapofuka. Agnès hakudai kamwe kwamba siku hizo alisikia sauti ya Mungu. Alisema tu kwamba alitaka kujua ni nini kilichotokea ndani ya macho yale. Aliweka nadhiri mwaka 1990, akasomea uuguzi Lubumbashi, kisha matibabu ya macho. Mwaka 2008 shirika lake lilimtuma Mutoshi, karibu na Kolwezi, kwenye zahanati ya parokia.

Wengi waliomjia walikuwa wachimbaji wa shaba na kobalti, wenye vipande vya jiwe machoni. Utaratibu wake haukubadilika. Kwanza alipima uwezo wa kuona, jicho moja moja, hata mgonjwa akilia, na kuandika. Kisha alidondosha jichoni dawa ya rangi ya machungwa ambayo, chini ya taa ya buluu, hung'aa kijani pale konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ilipochubuka. Mwishowe alitia dawa ya ganzi na kulitoa jiwe kwa ncha ya sindano. Dawa hiyo aliifungia kabatini. Mtu akiitumia kila siku, kidonda hakifungi, na konea huoza pasipo maumivu ya kumwonya.

Mwezi Juni 2014 alikuja mchimbaji aitwaye Kalumba, mwenye vipande vya jiwe katika macho yote mawili. Sista alivitoa, akamwamuru apumzike siku tano. Kalumba alikataa. Kundi lake lilikuwa limefikia mshipa mzuri wa madini.

«Ma sœur, unipatie tu ile ya kuuwa maumivu. Kesho nisiposhuka, bengine batakamata nafasi yangu.»

Wagonjwa arobaini walikuwa wakingoja nje. Alimpa chupa iliyokwisha kufunguliwa, akamwambia atie tone moja tu, jioni ile. Baada ya siku kumi na moja Kalumba aliletwa kwa mkono. Konea zote mbili zilikuwa nyeupe, na ya kulia ilikuwa imetoboka. Alikuwa akitia dawa kila saa, chini shimoni, na chupa ilikuwa imekwisha. Hospitali ya Kolwezi haikuweza kuokoa jicho hata moja.

Familia haikuuliza habari za chupa. Kaka yake Kalumba, Stany, alitangaza kwamba macho yameliwa kwa uchawi na shangazi yao Ngoie, mjane, aliyekuwa amegombana na Kalumba wakati wa msiba wa mumewe. Ngoie alifungiwa chumbani tangu Ijumaa bila chakula, na Jumapili vijana walileta uani tairi la kumchomea. Mama mkuu wa shirika, alipopigiwa simu, alimshauri Sista angoje askofu arudi. Sista alijibu kwamba Ngoie hangekuwa hai askofu atakaporudi, akaenda kwa miguu. Stany alimkuta mlangoni mwa ua na kumwambia, bila kupaza sauti, akae katika kanisa lake, kwa kuwa mambo ya walozi wanayajua wenyewe. Mwingine aliuliza kama Ngoie humgawia nyama ya watu. Watu walicheka. Sista alingoja wamalize.

«Mama Ngoie hakufanya kitu. Mi njo nilipofusha Kalumba. Nilimupa dawa yenye sikupashwa kumupa. Mukitafuta mulozi, niko hapa.»

Walimpiga. Mbavu mbili zilivunjika na chumba cha macho kule zahanati kikaporwa, lakini wakati wa vurugu hiyo majirani walimtoa Ngoie, naye aliishi miaka sita zaidi. Idara ya afya ilimsimamisha Sista kazi miezi kumi na minane. Katika muda huo alikwenda kwa Kalumba kila asubuhi, akamfundisha kutembea kwa fimbo, kufua, na kuwasha mbabula, jiko la makaa. Kalumba hakumjibu neno kwa miaka minne.

Sista Agnès alifariki tarehe 3 Agosti 2021 kwa ugonjwa wa figo. Kanisa halijatamka lolote kuhusu utakatifu wake. Yanasimuliwa maajabu, lakini mawili niliyoyachunguza yalikuwa vidonda vilivyotibiwa hospitalini wakati huohuo. Jambo la tatu ni baya: watu walianza kupaka macho udongo wa kaburi lake, na mwanamke mmoja wa eneo liitwalo Mashamba alipoteza jicho. Tangu hapo Kalumba hukaa kaburini mchana kutwa. Mtu akiinama kuchota, husikia fimbo ikigonga jiwe mbele ya mkono wake.

«Acha. Usitie kitu mu macho. Enda bakupime.»

Nilimuuliza kama amemsamehe.

«Bado,» alisema. «Lakini hakunidanganyaka.»

Anayetaka kumfuata Sista Agnès auache udongo wake mahali ulipo, na aseme kosa lake kabla mwingine hajalilipia.