Simu Mbili Kati ya Vitana

Jumamosi nilikuwa saluni Peckham, hapa Uingereza, nangoja zamu yangu. Kitini alikuwa mama mmoja Mkongo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Mdogo wake alipanda boti ya mpira Jumatatu kutoka Ufaransa kuja huku, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Kila asubuhi mama huwapigia walinzi wa pwani wa Wafaransa, nao humjibu: "Boti ilishaingia kwa Waingereza." Msusi, dada Mkenya, huwapigia wale wa Waingereza kwa niaba yake, nao husema: "Haikutoka kwa Wafaransa."

Siku hiyo mama alichoka. Akawapigia Wafaransa kwa simu yake, msusi akawapigia Waingereza kwa yake. Zote zilipopokelewa, mama akazilaza mezani kati ya vitana, akafungulia sauti.

"Basi musemezane ninyi wenyewe."

Wakasemezana, kwa Kiingereza. Mimi nimekua nikiambiwa Mwingereza na Mfaransa hawapatani tangu enzi za mababu zao, hata kuhusu chakula watagombana. Uongo mtupu. Walisalimiana, wakaombana radhi kwa usumbufu, na kabla chai yangu haijapoa wakakubaliana kwamba boti hiyo haikuwahi kuwa upande wa yeyote kati yao. Wakatakiana wikendi njema, wakakata.

Mama hajui Kiingereza. Alichosikia ni ule upole tu. Akageuka, uso umemchangamka.

"Wamepatana?"

Msusi akaokota kitana, akarudi kwenye nywele.

"Wamepatana, mama."