Mkate wa Koitobos

Bilha Wangare si mwongo, na mtu yeyote wa Kitale aliyewahi kumpelekea kitambaa atakwambia hivyo. Ukimpa mita tatu na nguo ikala mbili na nusu, ile nusu inarudi kwako imekunjwa, hata kama wewe mwenyewe ulishaisahau. Kibanda chake cha kushonea kiko njia ya kwenda Kipsongo, na watoto wengi wa huko wamevaa sare zilizopita chini ya sindano yake. Nayasema haya mapema kwa sababu nikianzia mlimani, mtamhukumu kabla sijamaliza.

Mambo yalianza na sukari. Bilha alikuwa na miaka arubaini na tisa alipoambiwa anayo, akapewa vidonge, akavimeza. Mwaka huohuo kanisa lao likafanya mkutano wa uamsho, mhubiri mgeni akaita wagonjwa mbele, na Bilha akaenda. Alisikia joto likimshuka kutoka shingoni hadi mgongoni. Wiki iliyofuata akapima, na kipimo kikasoma vizuri kabisa. Kingekosaje kusoma vizuri na mtu alikuwa anameza dawa? Lakini hilo hakulifikiria. Jumapili alisimama akashuhudia kwamba amepona, watu wakapiga makofi na vigelegele, na Pasta Wabwile, mtu wa Bungoma anayelichunga kanisa hilo la Kitale, akalia machozi mbele ya watu. Vidonge vikatupwa chooni.

Miezi miwili baadaye alikuwa anamaliza jagi zima la maji na kiu haiishi. Nguo alizojishonea mwenyewe zilimpwaya. Sasa aende wapi? Apange foleni hospitalini hapo Kitale na akina mama wa kwaya? Uso umeumbwa na haya, jamani. Akaenda mbali, Bungoma, ambako hakuna aliyemjua. Muuguzi mmoja anayeitwa Sellah akampima, akaguna, akamfundisha kujidunga sindano tumboni. Tangu hapo kila mwezi Bilha aliwaaga majirani kwamba anaenda Bungoma kununua zipu. Na zipu alinunua kweli, ili asiwe amesema uongo. Ana zipu za kushonea mpaka Yesu arudi.

Aliyejua ni mumewe tu, Kagwe. Yeye ndiye aliyejaza mchanga ndani ya chungu, akaumwagia maji, wakazika chupa za dawa humo zisiharibiwe na joto. Siku moja akamuuliza, "Mama Gathogo, hii kitu tutaificha mpaka lini?"

"Mpaka Mungu amalize kazi yake," Bilha alijibu. Kagwe alitoka nje kuangalia ng'ombe, na hakuuliza tena.

Wakati huo wote Pasta Wabwile alikuwa akimhubiri. Kila alipoalikwa, Kitale, Bungoma, mpaka kule Lwakhakha mpakani, alisimulia habari za fundi wake wa cherehani aliyetupa dawa. Kila Bilha aliposikia hivyo alitamani benchi limmeze.

Sasa huo mlima. Bilha alizaliwa Kachibora, ambako baba yake, mzee Kiarie, alihamia kutoka Murang'a akitafuta shamba. Asubuhi, mvua ikiwa imenyesha, Mlima Elgon ulionekana wazi ng'ambo ya mahindi. Mzee alizoea kuuelekezea jembe akisema siku moja atapanda mpaka Koitobos, lile jabali la juu lenye kichwa bapa, aangalie shamba lake kutoka huko. Sukari ilimchukua vidole vya mguu, kisha mguu, kisha ikamchukua mwenyewe. Kwa hivyo Bilha alipoambiwa naye anayo, hakuogopa kufa. Aliogopea miguu. Alitaka kuifikisha kule juu ikiwa bado ni miwili. Hilo halikuwa neno la ushuhuda. Lilikuwa lake peke yake, na hata Kagwe alilijua nusunusu.

Januari iliyopita kanisa likatangaza safari ya maombi hadi Koitobos. Watu kumi na wanane wangepanda wakiwa wamefunga, na huko juu wangeshiriki meza ya Bwana, mkate huo uwe kitu cha kwanza kuingia mdomoni siku hiyo. Bilha aliandikisha jina kabla ya wote. Pasta akainua mikono madhabahuni. "Na meza itabebwa na nani kama si Mama Gathogo?" Makofi yakapigwa. Edinah, mke wa pasta, aliuoka mkate kwa mikono yake, akauweka ndani ya kiondo pamoja na chupa ya maji ya zabibu.

Sellah alipoambiwa habari hizo kule Bungoma alitupa kalamu mezani. "Kupanda, panda, hata mimi nakuombea. Lakini kufunga hapana, mama. Ukidunga hii dawa na usile, sukari itaanguka, na ikiangukia kule juu watakushusha na machela. Beba glukosi. Beba peremende. Na uambie mtu mmoja. Mmoja tu."

"Nitamwambia," Bilha alisema. Hakumwambia mtu.

Peremende alibeba. Lakini jioni, kwenye kambi pale barabara inapoishia, Pasta aliagiza kila mtu atoe chakula chote alicho nacho kibaki na dereva, ili shetani asipate pa kumjaribu mtu. Mzee Festus, katibu wa kanisa, akapita na gunia kama anayepitisha kapu la sadaka. Bilha akatoa biskuti. Akatoa glukosi. Akatoa peremende zote kumi na mbili. Si angebakisha hata moja ndani ya soksi? Mimi nimemuuliza hivyo mwenyewe, akaniambia aliona ni kama kila mtu anaangalia mikono yake. Asubuhi akajidunga nyuma ya gari, nusu ya kipimo, akijiambia nusu haidhuru.

Masaa mawili ya kwanza alipanda vizuri, tena akiongoza wimbo. Walipita kwenye ile mimea ya ajabu ya huko juu, mirefu kuliko mtu na vichwa vyake kama kabichi, na baridi ilikuwa inauma masikio. Kisha magoti yakaanza kumtetemeka. Jasho likamtoka, la baridi. Ulimi ukawa mzito, akakosa maneno ya ubeti ambao ameuimba tangu Sunday school. Wenzake wakasema ni mlima huo, pole, Mama Gathogo, jikaze.

Aliyerudi nyuma kumtazama ni Kizito, mwongozaji wa njia, mtu wa makamo kutoka vijiji vya chini ya mlima, ambaye amepandisha wageni huko miaka kumi na mitano. Alitembea naye sambamba, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, una sukari?"

Edinah alikuwa hatua tatu mbele. "Mimi? Nilipona," Bilha alisema.

Kizito aliliangalia lile jasho. "Sawa. Tukifika kwa mawe utanipa hicho kiondo nikubebee."

Bilha akasema anaenda haja, wamtangulie. Alijivuta nyuma ya jiwe kubwa, akapiga magoti kwa sababu miguu ilikataa kusimama, akafungua kiondo. Vidole havikuweza kuzungusha kifuniko cha chupa, akakifungua kwa meno. Akanywa yote. Mkate alikusudia kumega kona tu, ndivyo anavyoapa, na mimi namwamini. Lakini njaa ya sukari iliyoanguka haina adabu. Alikula mkate wa watu kumi na wanane, akaokota na makombo kwenye kitambaa cheupe, akila huku analia, na mtu angemwona kwa mbali angedhani mama anaomba. Baada ya dakika kumi akili ilimrudia, na aibu ikarudi nayo. Aliona afadhali angeanguka akafa hapo, kisha akaona aibu ya kuwaza hivyo, na mume wake yuko nyumbani anamngoja. Akakunja kitambaa, akarudisha chupa tupu, akafuta mdomo.

Kwenye mawe Kizito alipokea kiondo. Alikipima kwa mkono, akamwangalia Bilha mdomoni, akakitundika begani.

Saa tano kasorobo Bilha Wangare alikanyaga juu ya Koitobos kwa miguu yake miwili. Uwanda wote wa Trans-Nzoia ulikuwa chini, mashamba yameshavunwa, ya kahawia, na upande wa mashariki kulikuwa na milima ya Cherangany na Kachibora ya baba yake chini yake. Wengine walikuwa wakikumbatiana na kupiga picha. Yeye aliangalia viatu vyake. Miaka arubaini alikuwa amengoja kuona mahali hapo, na hakuweza kuinua macho.

"Mama Gathogo, tuletee meza," Pasta aliita.

Kizito ndiye aliyekipeleka kiondo. Pasta akatoa kitambaa, akakifungua. Akatoa chupa, akaigeuza. Wimbo ulikatika.

Mzee Festus akauliza, "Nani alikuwa anabeba hii kitu?"

"Kuanzia kwa mawe ni mimi," Kizito alisema.

"Na mkate uko wapi?"

Kizito alimgeukia Bilha, akangoja. Hakumkazia macho. Alingoja tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Bilha alifungua mdomo, na ladha ya zabibu ilikuwa bado iko humo. Akaufunga.

"Mimi sina la kusema, mzee," Kizito akasema.

Wengi walichukua hayo kuwa ni kukiri. Edinah alikaa chini kwenye jiwe akajifunika uso kwa leso. Pasta, maana ni mtu mpole, hakufoka. Alimwambia Kizito kwamba njaa si dhambi, lakini cha Bwana huombwa, hakiibwi. Kisha akamwekea mkono kichwani na kumwombea msamaha kwa sauti kubwa. Kizito alivua kofia, akainama na mvi zake mbele ya watu asiowajua, akaombewa. Maombi yalipoisha wote wakasema amina. Bilha naye akasema amina.

Wakati wa kushuka alimfuata Kizito, akamuuliza mbona hakujitetea.

"Nibishane na mgonjwa juu ya mawe, na bado tunashuka?" Kizito alisema. "Wewe ufike chini ukiwa hai, mama. Inatosha. Lakini hiyo amina yako niliisikia."

Walipofika kwenye gari Festus alikuwa ameshatoa daftari lake la kumbukumbu. Alisema ni lazima ipelekwe barua kwa wakubwa wa waongozaji, mtu kama huyo asipewe wageni tena. "Kiondo kilikuwa chako, Mama Gathogo. Andika wewe, mimi nitapiga sahihi." Akampa kalamu. Bilha aliegemea boneti ya gari, akaandika muda mrefu.

Festus alipokea daftari, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya matangazo ya Jumapili. "Mimi Bilha Wangare Kagwe, fundi wa cherehani, Kitale, naandika juu ya mkate. Kizito hakuugusa. Niliula mimi nyuma ya jiwe kwa sababu nilikuwa nimejidunga dawa na sikuwa nimekula. Nina..." Hapo sauti ikafifia. Pasta akalichukua daftari mkononi mwake, akamalizia mwenyewe, polepole. "Nina sukari. Sikupona. Nilimsikia mtu wa watu akiombewa msamaha kwa kosa langu, nikasema amina."

Kizito alivaa kofia yake, akasema, "Asante, mama," akaenda kumsaidia dereva kufunga mizigo.

Bilha alisimama akingoja. Alikuwa amejiandalia kila neno ambalo lingekuja: mwongo, najisi, toka kanisani. Alikuwa tayari kuyapokea yote, na moyoni kulikuwa hata na nafuu kidogo. Pasta Wabwile alikaa kwenye ngazi ya gari na daftari mapajani.

"Tangu lini, Bilha?"

"Haikuniacha hata siku moja, Pasta."

Pasta hakuwa na hasira, na uso wake ulikuwa umezeeka. "Na wale niliowaambia?"

"Wale gani?"

"Kuna Mama Viola, kule Chwele. Nilimhubiria habari zako jikoni kwake mwezi wa kumi. Alitupa vidonge vyake mimi nikiona, nikapiga makofi. Juzi amenipigia simu, ati macho yameanza kuingia giza. Nikamwambia aamini kama Mama Gathogo."

Bilha hakuwahi kusikia jina hilo. Kwa miaka mitatu alikuwa amehesabu aibu yake yote, ya kwaya, ya sindano, ya majirani na zile zipu, na huko mlimani aliongeza ya mkate na ya amina, akadhani sasa ameimaliza. Kumbe hiyo yote ilikuwa ya kujionea haya mwenyewe tu. Chwele kulikuwa na mama mwenye watoto anayepapasa ukuta wa jikoni lake kwa sababu ya maneno ya Bilha, na Bilha hakuwa amemfikiria hata mara moja.

Kitale kwaya ilikuwa inangoja kuwapokea kwa nyimbo. Bilha alipanda gari, akakaa nyuma ya dereva. "Ukifika Kitale usisimame," alimwambia. "Wengine utawarudisha baadaye. Nipeleke Chwele."

Dereva alimtazama Pasta. Pasta alipanda, akakaa kando ya Bilha, akafunga mlango.

"Nitamwambia nini?" Bilha akauliza.

"Hayo uliyoandika," Pasta alisema. "Kisha na mimi niseme yangu."