Kashindye Achagua Kadi kwa Sikio

Mpaka leo, ukitaka kuwachekesha watu wa nyumba ile ya Mkolani, wewe kohoa kidogo halafu sema kwa sauti nyembamba: "Haloo, mimi ndiye Kashindye." Watacheka mpaka mtoto aliyelala aamke.

Kisa chenyewe ni cha mwaka jana. Kashindye ni mfumaji wa masweta ya shule. Anafumia chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa mashine ya kukodi iliyochoka, inayoruka sindano na kuacha vitundu mgongoni mwa sweta kama limeliwa na panya. Alikuwa ameona mashine nzuri mtandaoni, kwa muuzaji wa nje ya nchi ambaye hapokei malipo ila kwa kadi. Basi akachukua kadi ya mkopo kwenye benki ya kwanza aliyoingia, akalipa, na hapo hapo kadi ikafungwa. Benki ilitaka apige simu athibitishe kwamba anayelipa ni yeye mwenyewe.

Akapiga. Simu ikapokelewa huko ng'ambo, Kiingereza mwanzo mwisho. Kashindye alisoma hadi darasa la saba, na Kiingereza alichobaki nacho ni kile cha kumsalimia mwalimu asubuhi. Akaita msaada. Akaja shemeji yake, Rwehumbiza, Mhaya aliyemwoa dada yake Rebeka, na mwenyewe ni mwalimu wa sekondari kule Ilemela, mtu ambaye akianza kumwaga Kiingereza hata kuku wa jirani wanaacha kuparua. Ila benki ilisema inataka kuongea na mwenye kadi, na mwenye kadi ni mwanamke.

Rwehumbiza ana sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Akakohoa, akabana koo, akasema ndiye Kashindye. Yule wa upande wa pili akauliza kwa upole kama mama anaumwa. Halafu akaifunga kadi kabisa. Hata jua halijazama, mashine ikawa imeshauzwa kwa mtu mwingine.

Watu walicheka, na Kashindye alicheka nao, maana kwa kweli ilichekesha. Lakini alipokaa kumnyonyesha binti yake Queen, ambaye siku hizo alikuwa wa wiki chache tu, kitu kimoja hakikumtoka. Mashine ingekuwa yake, kazi ni yake, vidole vyenye sugu ni vyake. Inakuwaje siku ya kusema "ni mimi" aseme mtu mwingine?

Mwaka huu shule moja ya msingi ikamwagiza masweta mia mbili, yawe tayari kabla ya kufungua muhula wa Januari. Kwa ile mashine ya kukodi asingemaliza hata nusu. Muuzaji wa nje alikuwa amepata mashine nyingine kama ile ya kwanza. Kashindye akajiapia kimoyomoyo kwamba safari hii ataichukua, na ataichukua kwa mdomo wake mwenyewe.

Akakusanya vikaratasi vya benki tatu, akavitandika juu ya rundo la nyuzi. Rwehumbiza akaja Jumamosi kumsaidia kuchagua.

"Hii hapa shemeji, usihangaike," alisema, akigonga kikaratasi cha kwanza kwa kidole. "Ukiitumia wanakupa pointi. Halafu angalia, ukiwa uwanja wa ndege unakaa ukumbi wa wakubwa, chai na vitafunwa bure."

"Shemeji, mimi na ndege tunakutana wapi? Labda ikipita juu ya bati langu."

"Ndiyo ujiandae sasa! Nyie Wasukuma mnapenda kujiweka nyuma."

"Na nyie Wahaya mnapenda kukaa mbele hata pasipo na kiti," alijibu Kashindye. "Sasa niambie, nikipiga simu hapo nani anapokea?"

Rwehumbiza akageuza kikaratasi mbele na nyuma. "Hilo hawajaandika."

"Basi mimi ndilo ninalolitafuta."

Mumewe Machibya, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa mlangoni anavaa viatu vya kazi. Akasema, "Mama Queen, chagua wewe. Mimi kazi yangu ni kubeba mashine ikifika," akaenda zake.

Jumatatu asubuhi Kashindye akamweka Queen mapajani, akaiweka simu kwenye sauti ya nje, akaanza na benki ya pointi. Mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Sengerema kumsaidia kulea, alikuwa nje anaanika michembe juu ya mwamba ulioegemeana na ukuta wa nyumba. Vipande vile vya viazi alivipanga kimoja kimoja, kama anayetandika zulia.

Sauti ya kurekodiwa ikasema karibu, bonyeza moja, bonyeza mbili.

"Nani huyo?" mama akauliza kutoka kule nje.

"Benki, mama."

"Mwangaluka!" mama akasalimia kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa ya heshima. Sauti ikaendelea, bonyeza tatu, bonyeza nne. Mama akasubiri, akasubiri tena, mwishowe akarudi kwenye michembe yake. "Huyo mtoto hakufundishwa salamu," akasema. "Kata."

Kashindye hakukata. Muziki ukapigwa mpaka Queen akasinzia, ndipo akapokea mwanamume aliyeongea Kiingereza cha haraka, na nyuma yake mamia ya watu wakiongea Kiingereza hicho hicho. Kashindye akasema asante, akakata.

Benki ya pili ilikuwa na Kiswahili. Msichana alikiongea kwa uangalifu, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kashindye akamweleza yuko Mkolani, Mwanza. Kisha msichana akauliza kwa adabu, "Samahani, Mwanza ni nchi au ni mji?"

"Ni mji, mdogo wangu," Kashindye akamjibu kwa huruma. Alihisi yule naye ni mtoto wa watu, kawekwa mahali, kapewa karatasi ya kusoma. Akamtakia kazi njema.

Akapiga ya tatu. Ilipokelewa upesi. "Habari za asubuhi, unaongea na Jovina, nikusaidie nini?" Kabla Kashindye hajajibu akasikia, nyuma ya Jovina, mwanamke mwingine analalamika: "Jamani, nani kachukua chapati yangu?"

Jovina akaziba simu haraka, lakini si haraka ya kutosha, maana Kashindye alimsikia akinong'ona, "Nyamazeni, nina mteja!" Aliporudi hewani sauti yake ilikuwa na aibu. "Samahani sana dada."

"Hamna shida," alisema Kashindye, mkono mdomoni asiangue kicheko. "Kwanza, imepatikana?"

Jovina akashusha sauti. "Bado. Ila namjua aliyeichukua."

Wakacheka wote wawili. Kashindye akauliza maswali yake yote. Kadi ikifungwa nafungua vipi? Nikipiga Jumapili mpo? Mnapokelea wapi simu? Jovina akamjibu moja baada ya jingine: wanapokelea hapa hapa nchini, Dar es Salaam, kwa zamu, na Jumapili wapo. Pointi hawana. Ukumbi wa uwanja wa ndege hawana.

"Nimeshachagua," Kashindye akamwambia mama yake.

"Kwa sababu ya chapati?" Rwehumbiza alipiga kelele aliposimuliwa. "Mtu anachagua benki kwa chapati!"

"Kwa sababu nilimwelewa, shemeji. Na yeye alinielewa."

Akajaza fomu tawini, na baada ya mwezi na kitu kadi ikatoka. Siku ya kulipa, Kashindye alimfunga Queen mgongoni, akanawa mikono kama anayekwenda kukanda unga, akaandika namba za kadi moja moja. Akabonyeza. Ujumbe ukaja: malipo yamezuiwa, tafadhali wasiliana nasi. Na muuzaji naye akaandika: ninakushikia mashine mpaka saa kumi na moja jioni, kuna mtu mwingine anaitaka.

Ilikuwa imeshapita saa tisa. Rebeka ndiye aliyempasha mumewe habari, na kabla ya saa kumi Rwehumbiza alikuwa mlangoni, jasho linamtoka, tayari anakohoa kulainisha koo.

"Shemeji, kaa," alisema Kashindye.

"Lakini safari hii nimefanya mazoezi—"

"Kaa! Kwenye kile kigoda."

Akapiga. Alipokea mwanamume kijana. "Unaongea na Clavery, karibu."

Rwehumbiza akaruka kutoka kwenye kigoda. "Clavery! Huyo ni wa kwetu, Bukoba! Nipe nimsalimie!"

"Utamsalimia baadaye," Kashindye akamwambia, akampa mgongo, na Queen aliyekuwa mgongoni akabaki anamtazama Rwehumbiza uso kwa uso.

Akajieleza mwenyewe. Alisema yeye ni nani, ananunua nini, kwa nini. Sauti ilianza ndogo, ikakua. Clavery akamwambia malipo yalizuiwa kwa usalama tu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenda nje. Atamwuliza maswali machache halafu atayafungua. Tarehe ya kuzaliwa, akajibu. Namba ya kitambulisho, akajibu.

"Jina la mama yako mzazi?"

Kashindye akafurahi, hilo ni rahisi. "Mama Masele." Ndivyo mtaa mzima unavyomwita, na Masele ni kaka yake mkubwa.

"Hapana, sivyo ulivyoandika kwenye fomu."

"Aa, Ng'washi! Ng'washi binti Luhende." Ndilo jina alilopewa mama yake alipozaliwa, ndilo analoitwa kwao Sengerema.

"Pole dada, hilo pia silo." Clavery akavuta pumzi. "Imebaki nafasi moja. Ukikosea, mfumo unaifunga kadi mpaka ufike tawini."

Tawi lilikuwa linakaribia kufunga. Rwehumbiza akajishika kichwa. Kashindye alijiona anaandika ile fomu, alikumbuka hata kalamu ilivyokuwa inakwama, lakini jina halikuja. Mama yake ni mmoja tu, atakuwa ameandika nini kingine?

"Dada Kashindye," Clavery akasema taratibu, "siruhusiwi kukutajia. Ila mimi mwenyewe bibi yangu ana majina usipime. Lipo la nyumbani, lipo la watoto, na kila mahali anapokwenda anajibu jina la mahali hapo. Wewe fikiri tu. Mimi nipo, sina haraka."

Sina haraka. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kwenye simu. Mabega yakashuka. Akatazama nje dirishani, akamwona mama yake ameinama juu ya mwamba anakusanya michembe, kichwani kilemba cheupe cha kwaya, anaimba wimbo wa kanisani. Anapokwenda. Mama anakwenda wapi kila Jumapili?

Mama yake alibatizwa uzeeni, mwaka huu huu, juzijuzi tu. Siku hiyo alitangazia ukoo mzima kwamba kuanzia sasa asisikie mtu anamwita jina la zamani. Ndiyo wiki ile ile Kashindye alipojaza fomu ya kadi. Alitii, akaandika jina jipya kwa herufi kubwa. Halafu kufika mwezi watu wote walikuwa wamesahau, na mama mwenyewe alikuwa wa kwanza kusahau kuitika.

"Dorcas!" Kashindye alipaza sauti. "Anaitwa Dorcas!"

"Abee!" mama akaitika kule nje.

Upande wa pili wa simu Clavery akacheka, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba yuko kazini. "Ndiyo yeye huyo. Na nimemsikia akiitika mwenyewe. Jaribu kulipa sasa dada, mimi nabaki hapa hapa."

Kashindye akabonyeza. Safari hii malipo yalipita. Hakupiga vigelegele yeye. Vigelegele vilipigwa na mama yake, aliyeingia na ungo wa michembe kiunoni bila kujua hasa kimetokea nini, na alipoonyeshwa kwamba kuna mtu hai kwenye simu akaisogelea.

"Mwangaluka!"

"Shikamoo mama," Clavery akajibu.

"Marahaba mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Clavery akamtajia baba yake, na babu yake, na kijiji, na mama akaridhika. Akamwambia Kashindye, "Hiyo ndiyo benki." Ndipo Rwehumbiza akapewa simu, akasalimia kwa Kihaya muda mrefu kiasi kwamba Queen akaanza kulia njaa.

Mashine ilifika baada ya wiki kadhaa, na Machibya aliibeba mwenyewe kutoka barabarani kama alivyoahidi, akikataa kusaidiwa. Sweta la kwanza kutoka humo halikuwa la shule. Lilikuwa dogo, la njano, lisilo na kitundu hata kimoja, na Queen alilivaa mchana wa jua kali kwa sababu mama yake hakuweza kusubiri baridi.

Siku Kashindye anafunga mzigo wa mwisho wa yale masweta mia mbili, simu ikaita. Alikuwa Rwehumbiza. Sauti ya kuitia ng'ombe ilikuwa imenywea.

"Shemeji. Ile kadi ya pointi, si niliichukua mimi. Sasa nipo dukani hapa, imefungwa. Nimepiga simu, muziki tu, na Kiingereza chao hata mimi sikipati vizuri."

"Pole shemeji. Ulifika kule kwenye ukumbi wa wakubwa lakini?"

"Acha utani. Nipe tu ile namba ya akina Clavery, nihamie huko."

Kashindye akamweka Queen vizuri mapajani, akakohoa kidogo, akashusha sauti mpaka chini kabisa, nzito kama ya mzee wa kikao.

"Haloo," akasema, "mimi ndiye Rwehumbiza."

Queen akacheka kwanza. Wengine wakafuata.