Mvumo wa Spika na Sauti ya Bibi

Ilianza Jumapili, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu niliiandika kwenye daftari kabla sijawasha chochote, na chini yake nikaandika: "Leo namrekodi bibi." Mimi kwa kuandika sina shida. Kwa kusema ndipo nilipo mzito. Hata darasani nikiitwa jina, moyo unadunda kwanza ndipo sauti itoke.

Bibi alikuwa amekuja kwa meli kutoka Nansio siku mbili kabla. Alikuwa na uvimbe shingoni wa miaka mingi, na sasa ulikuwa unambana hata akimeza ugali. Jumatatu alikuwa anapasuliwa. Daktari alimwambia baba wazi kwamba baada ya hapo sauti inaweza isirudi ilivyokuwa. Baba alinikuta nafua sare, akasema, "Kaka yako hayupo, na mashine zake wewe ndiye unayezijua. Mrekodi bibi yako zile nyimbo zake. Saa nane nampeleka wodini."

Nyimbo zenyewe ni za kupalilia mihogo, alizozipata kwa mama yake. Kwetu hakuna mwingine anayezijua zote. Shangazi anajua nusu nusu, na pale asipojua anapiga makofi.

Kaka ana studio kwenye chumba cha nyuma, hapa nyumbani Mkuyuni. Studio ni neno kubwa. Kuna meza, kompyuta, maiki moja, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, na spika mbili nyeusi za kusikilizia kazi. Spika hizo haziwaki zenyewe, lazima ziunganishwe na amplifaya. Ile yake ya siku zote kaka alikwenda nayo Usagara kupiga muziki kwenye harusi. Zilibaki mbili: ndogo ya sebuleni, na moja ya kijivu yenye vitufe vingi aliyoitoa kwa fundi redio. Nikachagua ya kijivu. Sababu yangu, nasema ukweli, ilikuwa uzito. Niliona kitu kizito namna ile hakiwezi kuwa kibaya.

Nilipoiwasha, spika zikaanza kuvuma. Mmmmm, bila kupumzika, kama jokofu limewekwa ndani ya kichwa changu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya maiki. "Ndiyo inaimba hiyo?"

"Hapana bibi, inavuma. Subiri kidogo niutoe huo mvumo."

"Utoe, mke mwenzangu." Ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, eti tuliolewa wote na babu. "Ila nipe kazi. Siwezi kukaa mikono mitupu kama mgeni rasmi."

Nikampa ungo wa mchele achambue.

Kosa langu lilikuwa hili: niliamini kwamba kinachosikika kwenye spika ndicho kinachoingia kwenye rekodi. Halafu kuna jambo jingine. Kwetu mtu mzima haambiwi rudia. Huwezi kumwacha bibi aimbe mpaka mwisho, na shingo ile, kisha umwambie imeharibika, anza upya. Nilitaka kila kitu kiwe tayari ili aimbe mara moja tu. Nilidhani hiyo ni heshima. Sasa nikifikiri, nusu yake ilikuwa aibu.

Nikabadilisha waya. Nikasogeza amplifaya mbali na kompyuta. Nikajaribu ile ndogo ya sebuleni. Mvumo ukapungua lakini haukuisha, na sauti ikawa nyembamba kama ya simu. Nikarudisha ya kijivu, nikaichomeka kwenye soketi ya ukuta wa pili. Ukazidi. Ningeweza kumpigia kaka. Sikumpigia, kwa sababu mara ya mwisho nilipomuuliza kitu aliwasimulia rafiki zake, wakaniita "injinia" wiki nzima kila nikipita na ndoo.

Bibi akaanza kuimba. Hakuwa anaimbia maiki, alikuwa anaimbia mchele. Sauti yake ilikuwa ya chini, ikipanda pale kidole kinapookota jiwe. Mimi muda huo nilikuwa nimebonyeza kurekodi ili nijaribu kama mvumo unaingia, nimeinama, sikio limegusa spika, na sauti yake ilikuwa inanichanganya.

Nikasema, "Bibi, samahani, nyamaza kidogo nisikie mvumo."

"Haya," akasema. Akanyamaza. Nami nikazima ile rekodi bila kuisikiliza, nikarudi kwenye waya zangu.

Hakuimba tena siku ile. Mara mbili aliniuliza, "Bado?" nami mara mbili nikajibu, "Bado kidogo, bibi." Saa nane kasoro robo baba akagonga mlango.

"Mmemaliza?"

Aliyejibu ni bibi. "Mashine yao inaumwa kuliko mimi."

Baba akacheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha. Bibi akainuka, akanikabidhi ungo. Mchele ulikuwa safi kabisa, hauna hata jiwe moja. "Usinune," akaniambia. "Nikirudi nitakuimbia."

Kaka alirudi jioni. Nilimweleza yote nikiwa nimetazama sakafu. Safari hii hakucheka. Aliinama, akachomoa chaja ya kompyuta ukutani. Kimya. Basi, hivyo tu. Akachomeka chaja na amplifaya kwenye ekstensheni moja, ikabaki kimya.

"Umeme ulikuwa unazunguka kati ya soketi mbili," akasema. "Lakini hata ungeuacha uvume. Spika kazi yake kukusikilizisha tu, hazirekodi. Hedifoni ulivaa?"

Sikuvaa. Akanivalisha, akafungua lile jaribio langu. Sekunde ishirini na tatu. Mvumo ni kama haumo. Yumo bibi anaimba, na punje za mchele zinasikika zikianguka kwenye ungo. Kisha sauti yangu, kubwa, karibu na maiki: "Bibi, samahani, nyamaza kidogo." Halafu "haya" yake. Halafu mchele peke yake.

"Hapo mwisho tutakata," kaka akasema.

Nikamwambia asikate.

Bibi sasa yuko kwetu, anapona, ugali unashuka vizuri, na tunashukuru. Lakini sauti imebaki mkwaruzo, inakatika katikati ya neno. Nikimuuliza wimbo, maneno ananinong'oneza nami naandika, ila pale unapopanda na kushuka ananionyesha kwa mkono. Mkono siwezi kuuandika. Akichambua mchele siku hizi hufunga mdomo.

Ile Jumatatu asubuhi niliondoka nyumbani saa kumi na mbili, nimevaa sare, nimeazima hedifoni na simu ya kaka yenye ile rekodi. Nilimkuta bibi kitandani wodini, tayari amevalishwa gauni la kijani. Alikuwa hajaruhusiwa kunywa hata maji, midomo imekauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mashine imepona?"

"Imepona."

Nikamwekea hedifoni masikioni. Alisikiliza amefumba macho, vidole vikitembea juu ya shuka kama vinatafuta mawe. Kisha akafumbua.

"Nani huyu anayeninyamazisha?"

"Ni mimi, bibi."

"Ana adabu lakini. Kasema samahani."

Akacheka, akajishika shingo. Halafu akavuta pumzi na kufungua mdomo, nami nikaona kabisa kwamba anataka kuanza kuimba. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Akina mama wa vitanda vya jirani wote walikuwa wanatutazama, na kidole changu kikasita juu ya kitufe cha kurekodi. Kinywani mwa bibi kikatoka kikohozi kikavu. Nesi akasukuma kitanda cha magurudumu mpaka pale, akasema, "Bibi, twende."

Nikakunja kitenge chake, nikakiweka kwenye begi juu ya madaftari. Nikasimama pale mpaka mlango ulipofungwa, ndipo nikaenda shule, nimechelewa.