Mstari Uliolala Chini ya Picha za Wakubwa

Mpaka leo nikifungua tovuti nikakuta mkanda mnene umegandishwa juu ya kioo cha simu, mimi huifunga papo hapo.

Nyumbani kwetu ni Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, lakini siku za kazi nilikuwa nalala mjini Mbarara, ambako ofisi yetu ndogo ilitengeneza tovuti. Hospitali moja ya macho ya mjini humo ilitupa kazi. Ukurasa wake ulikuwa mrefu, kwa hiyo mwanzoni mwake tuliweka viungo: ukigusa "Kabla ya upasuaji", ukurasa unaruka wenyewe hadi hapo. Ila bosi alikuwa amebandika juu mkanda wenye picha za wakubwa wa hospitali wakitabasamu, mkanda usiosogea hata ukurasa ukisogea. Kila ukigusa kiungo, kichwa cha habari na mstari wa kwanza vinaingia chini ya nyuso zile.

Nilimwonyesha. Alikuwa anakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mafuta yanamtiririka vidoleni, na kwa vidole hivyohivyo akasugua simu yangu.

"Wewe, hiyo kitu kidogo. Watu watasukuma wenyewe. Mteja anataka sura yake ionekane."

Mama yangu mdogo alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali hiyohiyo ilimpangia siku ya upasuaji. Jirani mmoja wa kanisani ndiye aliyemsomea ukurasa ule. Aligusa kiungo, akasoma alichokiona: njoo na kitambulisho, njoo na mtu wa kukurudisha. Mstari uliofichwa ulisema usile chochote tangu usiku. Asubuhi mama mdogo akanywa uji wake, wakashika safari yeye na jirani.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za hospitali, kitambaa kimefunika nusu ya uso.

"Balinirudisha, mtoto wangu. Banasema nilikula. Ni nani aliniambiaka nisikule?"

Nilirudi ofisini, na bila kumwomba mtu ruhusa nikaandika amri moja kwenye tovuti: kila kichwa cha habari kisimame pale mkanda unapoishia, kikiacha juu nafasi sawa na unene wa mkanda. Dakika chache tu. Nikagusa kiungo, mstari ukatokea mzima.

Bosi akachungulia, akacheka. "Si nilikuambia? Kitu kidogo."

Kinyaa kilinijaa mdomoni kama maziwa yaliyoharibika. Juma lililofuata aliongeza picha nyingine, mkanda ukanenepa, maneno yakazama tena. Nikaandika upya, safari hii tovuti iupime mkanda yenyewe na kushusha vichwa kadiri unavyonenepa. Bosi akaipeleka kwa mteja na kusifiwa. Nilitoka nje nikatema mate.

Mama mdogo alipasuliwa zamu iliyofuata, na safari hiyo nililala kwake mimi mwenyewe ili sufuria ya uji isiguswe. Bandeji ilipotolewa nilikwenda kumwona. Alikuwa anapukusa maharage mlangoni. Aliniangalia kwa jicho lililopasuliwa, kuanzia viatu.

"Shati yako ni chafu," akasema. "Unaendaka kazini hivi?"