Harufu ya Furu Mdomoni mwa Marta

Pumzi ya mdogo wangu Marta ilinuka furu, yale matunda madogo meusi ya porini, yaliyoiva hadi kukaribia kuoza. Ajabu ni kwamba mwaka ule hapakuwa na furu hata moja katika pori lote la Kinyangiri. Mvua ilikuwa imetunyima misimu miwili mfululizo, mtama ulikauka ungali mchanga, na baba alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Waingereza huko Tanga. Mama akaenda Misigiri kwa ndugu zake kuomba nafaka, safari ya siku nne kwenda na kurudi. Aliniachia unga kidogo wa uwele na agizo moja: kila siku kikombe kimoja cha uji kwangu, kimoja kwa Marta. Nilikuwa na miaka kumi, yeye mitano.

Siku ya pili ndipo nilipoisikia ile harufu.

"Umekula wapi furu?" nikamwuliza.

"Sijala, dada."

Nikamfungua kinywa, nikanusa tena, nikapandwa na hasira. Mwenye njaa hana miiko, nami nilimwona yeye ndiye mwizi. Nikanywa uji wake mbele ya macho yake, nikamwambia hapati mpaka anionyeshe mti. Siku ya tatu alinyoosha kidole. Nilikwenda kuutazama: ulikuwa mgunga mkavu, wenye miiba mitupu. Maskini alitaja mti wowote ili apate uji, nami nikaunywa tena.

Mama aliporudi na nusu debe ya mtama, Marta hakuweza kumeza. Tulimzika kesho yake.

Nilikuja kuwa mwalimu, na kitabuni nikasoma jinsi seli zinavyovunjavunja chakula kwa oksijeni ili kutoa nguvu ya kuishi. Wanga ukikosekana, mwili hugeukia mafuta yake wenyewe, na yakivunjwa kwa wingi pumzi hunuka kama tunda lililoiva mno. Mafuta yakiisha, huliwa misuli. Marta alikuwa anajila mwenyewe. Nilifunga kitabu.

Leo wajukuu wangu hubakiza ugali sahanini, nami sina ujasiri wa kuwakemea. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Siku ya mazishi mama aliniuliza kama Marta alikunywa uji wake wote. Nilisema ndiyo. Aliishi miaka thelathini zaidi, akiwasimulia majirani jinsi nilivyomtunza mdogo wangu, na kila mara nilikuwa nimeketi pale, nikisikiliza.