Msako wa Disketi ya Kwanza

Nichekeni, lakini taratibu. Mimi ni karani wa ofisi ya mifugo hapa Isiolo, mtu wa kupenda kiti changu na chai ya nyumbani. Wiki iliyopita kompyuta yetu ya pekee iliingiwa na balaa: herufi zikawa zinaporomoka kwenye kioo kama mbuzi wanaoteremka mtoni. Fundi wa Nairobi akasema kwa simu, "Msiizime, msiiguse. Tengeni kila disketi iliyoingia humo. Ile ya kwanza ndiyo ushahidi."

Kutenga ndiyo kazi yetu! Niliizungushia meza miiba ya mgunga, kama ndama mwenye homa. Lakini disketi ya kwanza haikuonekana. Bosi akamkazia macho Wario, mpiga taipu: "Fundi akifika bila hiyo disketi, wewe kazi huna."

Nami, mwerevu, nikaongoza msako. Nikampekua Wario hadi viatu.

"Karani, hata soksi?"

"Hata soksi! Vua!"

Kesho yake fundi akafika, akaruka miiba, akaulizia disketi. Wario alitazama sakafu. Ndipo mke wangu, Halima, akaingia na kikombe cha chai.

"Salaam aleikum. Baba Abdi, kunywa kabla haijapoa."

Juu ya kikombe, kuzuia nzi, palikuwa na kipande cheusi cha mraba, nilichokiokota mezani na kwenda nacho nyumbani mwenyewe, nikidhani ni kadibodi tu. Fundi akakichukua, akakikagua. "Ndiyo hii. Imepona."

Wario alishusha pumzi, hata mimi nikashusha yangu. Kisha akanitazama miguuni.

"Haya, karani. Vua soksi."